Ghala Limejaa, Mtoto Hakui: Safari ya Chungwa, Ugali na Mboga Kutoka Mombasa ya 1498 Hadi Tunduma

Kila wiki kuna picha inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: limau limekatwa katikati, kipande cha tangawizi pembeni, na chini yake orodha ya maradhi ishirini ambayo limau hilo linatibu. Presha, kisukari, kitambi, nguvu za kiume, "sumu mwilini", kila kitu kimo. Mwaka 2020 corona ilipoingia nchini, orodha hizo zilitoka kwenye simu zikahamia sokoni. Malimao na tangawizi vikapanda bei, nyungu zikafukizwa majumbani, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, nayo ikatoa kinywaji chake cha mimea kilichoitwa NIMRCAF.

Limau halina hizo sifa ishirini. Lakini lina moja ambayo ni ya kweli mia kwa mia, na sehemu ya ushahidi wake ilitokea hapahapa kwenye pwani ya Waswahili, kwa gharama ya maisha ya watu ambao hata majina yao hayakuandikwa. Stori hiyo ikifuatwa mpaka mwisho haiishii pwani. Inapanda nyanda za juu, inapita Mbeya, na inatua Tunduma, kwenye mkoa wenye mahindi ya kulisha majirani na watoto ambao vipimo vinasema hawarefuki inavyotakiwa.

Wazungu waliosifia hewa ya Mombasa

Tarehe 7 Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga Mombasa. Zilikuwa zimetoka Ureno Julai ya mwaka uliotangulia, na mabaharia wengi walikuwa hoi. Ufizi umevimba mpaka kufunika meno, miguu na mikono imejaa maji, majeraha ya zamani yanafunguka yenyewe. Kwa Kiswahili ugonjwa huo unaitwa kiseyeye.

Mfalme wa Mombasa aliwapelekea zawadi: kondoo, miwa, na machungwa na malimao kwa wingi. Mmoja wa waliokuwemo kwenye msafara huo aliandika shajara ambayo imebaki mpaka leo, ingawa wanahistoria bado wanabishana ni nani hasa aliyeishika kalamu. Aliandika kwamba walipofika mji huu wagonjwa wao wote walipona, kwa sababu hewa ya hapa ni nzuri sana.

Hewa! Machungwa yamo kwenye simulizi hiyohiyo, lakini sifa zikaenda kwa upepo wa bahari.

Miezi michache baadaye walilipia. Kutoka Malindi kwenda India walikuwa na mwanamaji mwenyeji wa bahari ile na upepo ulikuwa upande wao, wakavuka chini ya mwezi mmoja. Kurudi waliondoka mwanzoni mwa Oktoba, kabla kaskazi haijatulia. Nahodha yeyote wa jahazi angewaambia wasubiri. Hawakusubiri, na bahari ile ile iliwachukua karibu miezi mitatu. Shajara inasema watu thelathini walikufa njiani, juu ya wengine thelathini waliokuwa wamekwisha kufa kabla, na kila merikebu ilibaki na watu saba au wanane tu wenye nguvu ya kufanya kazi.

Januari 1499 waliiona tena Malindi. Kitu cha kwanza kilichofanyika ni kumtuma mtu mmoja nchi kavu akatafute machungwa, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wanayalilia. Jina la mtu huyo halipo. Alirudi kesho yake na machungwa na matunda mengine, ila kwa wengi ilikuwa too late: walifia hapohapo Malindi, na safari hii mwandishi akailaumu hewa. Waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu, hivyo moja, São Rafael, ikachomwa moto kwenye pwani iliyo karibu na Tanga ya leo.

Hao wagonjwa waliolilia machungwa walikuwa wanajua kitu ambacho wasomi wa Ulaya hawakukiafiki kwa karibu miaka mia tatu mbele. Mwaka 1747 daktari wa jeshi la majini la Uingereza, James Lind, alichukua mabaharia kumi na wawili wenye kiseyeye, akawagawa wawili wawili, kila jozi na tiba yake: siki, maji ya bahari, pombe ya matofaa na kadhalika. Jozi moja ilipewa machungwa mawili na limau moja kwa siku. Matunda yaliisha baada ya siku sita, lakini mmoja wao alikuwa karibu amerudi kazini. Hao mabaharia wawili nao hawana majina. Jeshi lenyewe lilianza kugawa maji ya limau kwa mabaharia wake mwaka 1795, karibu nusu karne baadaye, ambayo kwa viwango vya serikali si mbaya sana.

Neno "vitamini" lilikuja mwaka 1912 kupitia mtafiti mzaliwa wa Poland, Casimir Funk, na vitamini C yenyewe ikatambuliwa miaka ya 1930. Leo tunajua kwamba mbuzi hutengeneza vitamini C ndani ya mwili wake mwenyewe, lakini binadamu hawezi. Asipoila kwa mwezi mmoja hadi mitatu, mwili unaanza kuachia. Ndiyo maana majahazi yaliyovuka na upepo wa msimu kwa wiki chache hayakuzika watu namna ile.

Kwa hiyo chungwa lilimponya yule baharia kwa sababu alikuwa amepungukiwa na kitu kilichomo ndani ya chungwa. Ukimpa chungwa lilelile mtu ambaye hajapungukiwa, muujiza haupo. Majaribio yaliyohusisha maelfu ya watu yameonyesha kwamba kumeza vitamini C kila siku hakumzuii mtu wa kawaida kupata mafua. Kunayafupisha kidogo tu. Orodha za WhatsApp zinaruka hapo. Swali la maana kuhusu tunda au mboga ni nani amekikosa kilichomo humo, na kwa nini. (Na kwa wale wa vitamini C tu: pera la kawaida lina karibu mara nne ya chungwa, na kwenye mitaa mingi linaokotwa bure.)

Mbegu zilipanda merikebu, jiko likabaki

Merikebu za Wareno hazikubeba wagonjwa tu. Katika karne ya 16 zilileta Afrika nafaka kutoka upande wa pili wa Atlantiki. Waswahili waliiita mahindi, jina linaloelekeza India, wakati nyumbani kwake ni Mexico, ambako wakulima waliilima tangu kama miaka 9,000 iliyopita. Si mara ya kwanza jina la bidhaa kudanganya kuhusu ilikotoka. Muulize mtu yeyote anayeuza "mitumba ya Ulaya".

Kule Mexico na Amerika ya Kati wanawake hawakuwa wanasaga mahindi makavu moja kwa moja. Waliyachemsha kwanza kwenye maji yenye chokaa au majivu, wakayaloweka usiku kucha, wakayaosha, ndipo yakasagwa. Nani aligundua hilo hakuna anayejua, ila alikuwa mtu wa jikoni. Mahindi yana vitamini ya jamii ya B inayoitwa niasini, lakini sehemu kubwa imefungwa ndani ya punje kiasi kwamba tumbo haliwezi kuifungua. Chokaa inaifungua. Wazungu walibeba mbegu, wakaacha maarifa ya jikoni.

Matokeo yake ni pelagra. Ilianza kuandikwa Hispania na Italia katika karne ya 18, kwa wakulima maskini ambao chakula chao kilikuwa mahindi asubuhi na mahindi jioni: ngozi inachubuka penye jua, kuhara, kuchanganyikiwa, kifo. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikalipuka kusini mwa Marekani. Madaktari waliamini ni ugonjwa wa kuambukiza. Dk. Joseph Goldberger akabisha. Mwaka 1915 alichukua wafungwa wa Mississippi walioahidiwa msamaha, akawalisha chakula cha maskini wa eneo lile, mahindi mengi bila nyama, maziwa wala mboga za maana, na baadhi yao wakapata pelagra. Watu bado hawakuamini. Basi yeye na wenzake wakameza vidonge vilivyotengenezwa kwa magamba ya ngozi, mkojo na kinyesi cha wagonjwa, mbele ya mashahidi. Hakuna aliyeugua. Kuna watu wanajitoa kwa kazi zao.

Niasini yenyewe ilitambuliwa kuwa ndiyo tiba mwaka 1937. Ukidhani hayo ni mambo ya zamani, sogea karibu. Mto Songwe ni mpaka wa Tanzania na Malawi, na wilaya ya Ileje imekaa kwenye ukingo wake. Mwaka 1990, kusini mwa Malawi hiyohiyo, kwenye kambi za wakimbizi waliokimbia vita ya Msumbiji, karibu watu 18,000 walipatikana na pelagra ndani ya miezi michache. Mahindi yalikuwepo kwenye mgao. Kilichokosekana ni karanga. Ugavi wake ulikuwa umekatika, na kwa watu wale karanga ndiyo iliyokuwa imebeba niasini.

Karanga tu, basi. Kitu ambacho kwenye stendi ya Tunduma kinauzwa kwenye kifuko cha nailoni na watu wanakitafuna bila hata kukiangalia.

Kabla ya sembe kulikuwa na ulezi

Mkoa wa Songwe ulianzishwa rasmi mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, makao makuu yakiwa Vwawa. Nje ya mkoa watu wengi wanaujua kwa vitu viwili: kimondo cha Mbozi, na foleni ya malori Tunduma kuelekea Nakonde, Zambia na Kongo. Ila wenyeji wake, Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali na wengine, wana historia ya chakula ambayo haianzi na mahindi kabisa.

Nafaka ya heshima ilikuwa ulezi. Watu walikata matawi na miti, wakachoma, wakapanda ulezi kwenye majivu, kisha wakahama shamba wakaliacha lipumzike. Ulezi ulikuwa ugali, ulikuwa uji, na ulikuwa pombe, maana yake harusi, kazi ya pamoja na matambiko vyote vilipita humo. Kwa macho ya leo, punje hiyo ndogo ina mambo: gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300 za madini ya kalsiamu, wakati mahindi ya uzito huohuo yana kama 10 au pungufu. Kwa mtoto anayejenga mifupa hiyo ni tofauti ya mbingu na ardhi.

Lakini ulezi ni kazi. Palizi lake linavunja mgongo, na ndege wanalikuta limekaa wazi. Hindi limevaa koti lake mwenyewe. Ukoloni ulipowachukua wanaume kwenda migodi ya shaba ya Northern Rhodesia na dhahabu ya Lupa kule Chunya, na baadaye shule ikawachukua watoto waliokuwa wakifukuza ndege, zao linalojilinda lenyewe ndilo lililoshinda. Migodini vibarua walipimiwa unga wa mahindi. Neno "posho" lilimaanisha mgao huo, na Uganda mpaka leo ndilo jina la ugali wenyewe. Chakula cha kambi kikarudi nyumbani kikiwa kimevaa suti ya kisasa.

Uhuru haukubadili mwelekeo, uliongeza mwendo. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975, ikapita Tunduma sambamba na barabara kuu. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 serikali ikaweka bei moja ya mahindi nchi nzima, hivyo mkulima wa mbali kama Mbozi hakuumizwa na umbali, na mbegu za kisasa na mbolea zikasukumwa nyanda za juu kusini. Mbeya, Iringa, Ruvuma na Rukwa zikawa "the Big Four", mikoa inayolisha taifa. Hilo lilikuwa jambo kubwa na halifai kubezwa, kwa sababu nchi iliyokuwa imetoka kwenye ukame wa 1974 ilihitaji nafaka.

Ukame huo ulileta na mahindi ya njano kutoka nje, ambayo wazee bado wanayakumbuka kama "unga wa yanga", chakula cha dhiki. Watu waliyachukia rangi. Bahati mbaya ile rangi ya njano ndiyo yenye karotini, ambazo baadhi yake mwili huzigeuza vitamini A. Mahindi meupe hayana hata kidogo. Kisha ikaja sembe: ganda na kiini vinaondolewa, unabaki unga mweupe pee unaoonekana mjini kuwa ndio chakula cha watu wenye nazo, wakati sehemu kubwa ya vitamini B na madini imebaki kwenye pumba analokula ng'ombe. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka utaratibu wa kuongeza virutubisho kwenye unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula. Kiwandani sawa. Ila familia inayovuna yenyewe inapeleka debe lake mashine ya kijijini, linasagwa, linarudi nyumbani, na hakuna kirutubisho kilichoongezwa hapo katikati.

Sasa namba. Utafiti wa kitaifa wa lishe wa mwaka 2018 uliukuta udumavu kwa watoto chini ya miaka mitano Songwe ukiwa asilimia 43.3, wakati wastani wa taifa ulikuwa kama 32. Utafiti wa afya wa 2022 ukaonyesha Songwe 31.9 na taifa 30. Imeshuka, na waliofanya kazi hiyo wastahili sifa, ila bado ni kama mtoto mmoja kati ya watatu. Mikoa mingine ya nyanda za juu kusini ina hali mbaya zaidi: Iringa 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Isome tena hiyo orodha halafu ilinganishe na ile mikoa minne ya kulisha taifa.

Udumavu si njaa ya kuonekana. Mtoto anakula, anacheka, ana mashavu. Ni mfupi tu kuliko umri wake, na watu wanasema "ni wa ukoo". Uharibifu mwingi unatokea kati ya mimba na mwaka wa pili, siku kama 1,000, na ukipita hapo ni vigumu sana kuurudisha. Hauathiri urefu peke yake; akili darasani na kipato cha baadaye vinaguswa. Chanzo pia si chakula peke yake: kuhara kwa maji machafu, sumukuvu kwenye mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu, mama anayelima mpaka wiki ya kujifungua na kurudi shambani mtoto akiwa mchanga, maharage yaliyouzwa yote kwa sababu ada inadaiwa. Ila sahani ina sehemu yake, na sahani ya mtoto wa mwaka mmoja mara nyingi ni uji mweupe asubuhi na ugali mweupe jioni.

Walichokijua akina mama wa mboga

Hapa ndipo orodha za "faida" zingeweza kuwa na kazi, kama zingemsikiliza mtu sahihi. Sokoni Tunduma ndizi, maparachichi na nyanya vinashuka kutoka milimani, na pembeni yake wamekaa akina mama na mafungu ya mchicha, mnafu, majani ya maboga na matembele. Fungu ni la bei ya chini kuliko soda. Majani hayo ya kijani kibichi yana karotini, foleti, madini ya chuma na vitamini C kwa pamoja, na jiko la zamani lilishajua namna ya kuyatumia kabla maabara haijafungua mlango.

Mfano ni majani ya maboga yaliyoungwa na karanga za kutwanga. Karotini haiyeyuki kwenye maji, inahitaji mafuta ili tumbo liichukue. Mboga iliyochemshwa kavu bila karanga wala mafuta inapita na utajiri wake mwingi. Hilo bibi hakuliita karotini, alisema tu mboga bila karanga "haina ladha". Na zile karanga, kama kambi za Malawi zilivyoonyesha kwa njia ya uchungu, zinabeba niasini ambayo ugali umeificha. Parachichi linafanya kazi ileile ya mafuta. Majaribio yameonyesha kwamba likiliwa na karoti au nyanya, karotini inayofyonzwa inaongezeka sana. Songwe na majirani zake sasa wanapanda parachichi kwa kasi kwa ajili ya soko la nje, na Novemba 2022 Tanzania ilisaini makubaliano ya kuliuza China. Vizuri sana kwa mfuko. Ingekuwa vizuri zaidi kama yale madogo yanayokataliwa na wanunuzi yangeishia kwenye kibakuli cha mtoto, si kwa nguruwe.

Limau nalo lina nafasi yake halisi hapa, mbali na kitambi. Madini ya chuma ya kwenye majani ni mazito kufyonzwa. Vitamini C ikiwepo mlo uleule, yanafyonzwa vizuri zaidi. Kwa hiyo tone la limau kwenye mchicha, au nyanya mbichi pembeni, ni kitu cha maana kwa mama mjamzito mwenye upungufu wa damu. Chai inafanya kinyume. Kikombe cha chai juu ya maharage na mboga kinazuia sehemu ya chuma hicho, na sisi ni taifa la chai na kila kitu. Ikisubiri saa moja hakuna atakayekufa.

Si kila cha zamani ni dhahabu, lakini. Magadi yanayolainisha mlenda na maharage yanaua vitamini C na kupunguza vitamini B1. Inachekesha kidogo: kitu cha jamii ya chokaa kilichoyaokoa mahindi ya Mexico kinaharibu mboga yetu. Kuchemsha mchicha mpaka ugeuke rangi ya khaki na kumwaga maji yake ni hasara nyingine, na hiyo haina hata kisingizio cha ladha. Na kuna vitu mboga haziwezi kabisa. Nyanda za juu kusini zilijulikana kwa rovu, uvimbe wa shingo, kwa sababu udongo wake una iodini kidogo na mchicha hauwezi kutoa kisichokuwemo ardhini. Hapo ilibidi serikali igawe vidonge vya mafuta yenye iodini kuanzia katikati ya miaka ya 1980, na baadaye iwekwe kwenye chumvi.

Kwenye rangi ya njano kuna njia imepatikana ambayo haimlazimishi mtu kula "yanga" tena. Viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vinavyoitwa viazi lishe, vimejaa karotini, na kazi ya kuvizalisha na kuvisambaza Afrika ilimpa Mganda Robert Mwanga na wenzake watatu tuzo ya World Food Prize mwaka 2016. Mbegu ni kipande cha shina lake. Jirani anakata, anakupa, unapanda.

Kimea

Tanzania haikulala kuhusu lishe. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa kwa sheria mwaka 1973. Kuanzia 1983 mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulijumuisha Njombe, ulipata mradi uliosaidiwa na UNICEF na WHO, ukaanza na vijiji 168. Wanakijiji wenyewe waliwapima watoto, wakakaa chini kujadili kwa nini huyu hakui, na kuamua cha kufanya. Utapiamlo mkali ulishuka, na fikra zilizotoka huko ziliingia kwenye mkakati wa lishe wa UNICEF wa mwaka 1990. Kipimo kikuu kilikuwa uzito, si urefu. Miaka arobaini baadaye mkoa huohuo unaongoza kwa udumavu, jambo ambalo lingepaswa kuwakosesha usingizi watu wengi kuliko inavyoonekana.

Katika miaka hiyo ya 1980 watafiti wa Tanzania walikuwa wanahangaika na tatizo dogo la jikoni. Tumbo la mtoto wa miezi minane ni dogo. Ukimpikia uji mzito hawezi kuumeza. Ukiuongezea maji anashiba maji. Jibu walilikuta kwa wapika pombe. Mwanamke anayepika pombe ya ulezi huloweka punje, huziacha zichipue siku mbili tatu, huzianika na kuzisaga. Huo unga ni kimea, na hutiwa kwenye pombe ili uwanga uvunjike uwe sukari. Watafiti wakakitia kidogo kwenye uji mzito wa mtoto, na uji ukayeyuka ndani ya dakika chache bila tone la maji kuongezwa. Mtoto akawa anaweza kunywa uji wenye unga mara mbili au zaidi ya ule wa kawaida, kwenye kikombe kilekile.

Punje zikichipua kuna vimeng'enya vinaamka na kukata uwanga vipande vipande. Ni hilo tu. Ulezi unafaa kuliko mtama kwa kazi hii, kwa kuwa chipukizi za mtama zina sumu ya sianidi na lazima ziondolewe. Uji unapikwa mzito mpaka uive, unaepuliwa upoe kiasi cha kuweza kuonjwa, kinatiwa kijiko kimoja cha unga wa kimea, unakorogwa mpaka ulegee, halafu unarudishwa motoni uchemke tena kwa sababu kimea kibichi kinaweza kuwa na vijidudu. Kama kuna karanga zilizotwangwa laini zinaingia hapo mwisho, na parachichi likiwepo linapondwa pembeni.

Ulezi bado unauzwa Tunduma, kwa kilo na kwa sado. Ukiwauliza wanaoupima, wengi wanaounua ni wapika pombe.